Mlinzi wa Mlango wa Barua

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

  Nawasalimu ninyi mlioketi darasani Bagamoyo mjini, na ninyi wa Kaole, Mlingotini, Zinga na Kerege, na ninyi wa Bunju, Mbweni na Kunduchi. Nawasalimu pia wote watakaoyasoma maneno haya baadaye kitabuni.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: barua pepe, barua taka, seva, anwani ya IP, orodha nyeusi. Na kila mmoja ayanakili katika daftari lake. Mwisho wa somo mtaweza kueleza maana yake kwa vinywa vyenu wenyewe. Tena mtaweza kusoma jibu la seva iliyokataa kupokea barua. Hilo la pili ndilo kubwa, kwa maana siku hizi riziki ya mtu yaweza kupotea kwa barua moja isiyofika.

Barua taka ni nini?

Wengi wenu mnazo simu. Bila shaka mmepata kuona ujumbe usemao, “Ile hela itume kwenye namba hii.” Wewe hukumwahidi mtu huyo hela, wala humjui. Naye hakujui wewe. Ametuma maneno hayo kwa watu wengi mno, akitumaini kwamba mmoja wao siku ile alikuwa tayari kumtumia mwenye nyumba kodi, au mtoto karo ya shule, na kwamba atatuma bila kuuliza. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa namna hiyo, ili namba ya tapeli ichunguzwe na kufungiwa.

Hayo ni ya simu. Barua pepe nayo, yaani barua ipelekwayo kwa kompyuta au kwa simu kwa njia ya intaneti, ina maradhi hayo hayo. Barua ambayo hukuiomba, iliyotumwa kwa maelfu ya watu kwa mara moja, huitwa barua taka. Nyingine hutangaza biashara tu. Nyingine ni za wizi: hukuambia umeshinda bahati nasibu ambayo hukuicheza, au hukutaka uandike neno lako la siri.

Jambo hili si geni. Mwezi Mei mwaka 1978, huko Marekani, mfanyabiashara mmoja aitwaye Gary Thuerk alituma tangazo la kompyuta za kampuni yake kwa watu wapatao 400 kwa mara moja. Waliopokea wengi walikasirika. Lakini njia ilikwisha kuonekana.

Kwa nini barua taka ni nyingi namna hii? Hesabu yake ni rahisi. Mtu akipeleka barua kwa posta hununua stempu. Barua mia ni stempu mia, kwa hiyo atafikiri kwanza. Barua pepe haina stempu. Anayetuma barua 10 na anayetuma barua 1,000,000 gharama zao hazipishani sana. Gharama humwangukia anayepokea. Kompyuta yake hujaa, bando lake huisha, na barua ya maana hufunikwa na takataka, kama dagaa mmoja katika tenga la majani.

Seva ni karani wa posta

Bagamoyo ni mji wenye habari ndefu za barua. Zamani barua za bara zilifika pwani pamoja na misafara ya wapagazi, kisha zikavushwa kwa jahazi hadi Unguja. Mwaka 1890 Wajerumani walifungua posta Bagamoyo, na tangu hapo kukawa na karani wa kupokea barua, kuzipanga, na kuzipeleka mbele.

Seva ya barua ndiyo karani wa posta wa zama zetu. Ni kompyuta isiyolala usiku wala mchana, ambayo kazi yake ni kupokea barua za watu wa mahali fulani na kuzipeleka zinakotakiwa. Chuo kina seva, hospitali ina seva, ofisi ya serikali ina seva. Aliye mdogo, kama mwenye duka au chama cha ushirika, kwa kawaida hukodi nafasi katika seva ya kampuni.

Sasa tazameni shida ya karani huyu. Mlangoni pake watu hubisha hodi mfululizo, kila mmoja na mfuko wake wa barua. Akiifungua mifuko yote na kuisoma barua moja moja, atachoka na watu wake watachelewa. Yafaa awepo mlinzi mlangoni atakayemtambua mleta takataka kabla hajashusha mzigo wake.

Kwa nini mlinzi hutazama anwani?

Mlinzi amtambueje mtu mbaya? Kwa jina lililoandikwa juu ya barua? La. Mtu aweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Aweza kuandika jina la benki, au la mkuu wa shule, au hata jina lako wewe. Katika barua pepe ni vivyo hivyo.

Lakini kiko kitu kimoja kilicho kigumu kughushiwa, nacho ni anwani ya IP. Kila kompyuta inayozungumza katika intaneti hutumia anwani ya namba. Anwani za namna ya zamani, ambazo bado hutumika sana, zina namba nne zilizotengwa kwa nukta, na kila namba ni kati ya 0 na 255. Andikeni mfano huu:

192.0.2.25

Anwani hii si ya mtu yeyote. Imewekwa kando kwa ajili ya kufundishia tu. Katika Afrika anwani hugawiwa na shirika liitwalo AFRINIC, lenye makao yake Mauritius, ambalo lilitambuliwa rasmi mwaka 2005. AFRINIC huyapa makampuni ya intaneti mafungu ya anwani, nayo makampuni huwagawia wateja.

Kwa nini anwani hii ni ngumu kughushiwa? Kwa sababu seva mbili kabla ya kupeana barua huitana na kuitikiana kwanza. Mgeni hubisha hodi, na mwenyeji hupeleka “karibu” kwenye anwani ile ya mgeni. Kama mgeni alitaja anwani ya uongo, ile “karibu” itakwenda kwa mtu mwingine, na mazungumzo hayataanza. Kwa hiyo aliye mlangoni na kuendelea kuzungumza, hapana budi anwani yake iwe ya kweli.

Orodha nyeusi hufanyaje kazi?

Mwaka 1997, huko California, Paul Vixie na wenzake walianza kuweka daftari la anwani zilizojulikana kwa kutuma barua taka, na kuwaruhusu wenye seva nyingine kulisoma daftari hilo. Mwaka uliofuata, 1998, Steve Linford alianzisha Spamhaus huko London, ambayo mpaka leo ni moja ya orodha zinazotumika sana ulimwenguni. Daftari la namna hii ndilo liitwalo orodha nyeusi.

Sikilizeni vema jinsi mlinzi anavyouliza. Mgeni mwenye anwani 192.0.2.25 amebisha hodi. Seva huigeuza anwani ile nyuma mbele, namba ya mwisho ikawa ya kwanza: 25.2.0.192. Kisha huongeza jina la orodha mwishoni, na kuuliza kwa njia ile ile ambayo kompyuta huulizia majina yote ya intaneti, iitwayo DNS. Kama anwani imo katika orodha, jibu hurudi kwa namba inayoanza na 127, mathalani 127.0.0.2. Kama haimo, jibu husema kwamba jina hilo halipo. Yote hayo kwa kawaida huchukua muda usiotimia hata sekunde moja. Aliyemo hukataliwa pale pale mlangoni, mzigo wake ungali begani.

Walioandikwa katika orodha si wa namna moja. Tuwagawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wale waliofanya barua taka kuwa biashara yao.

Fungu la pili ni kompyuta zilizoingiwa na virusi. Mwenyewe hana habari. Yeye anaandika hesabu za duka lake, na huku kompyuta yake inamtumikia mwizi kwa siri, ikituma barua taka usiku kucha.

Fungu la tatu halina kosa lolote. Ni anwani za majumbani na za simu, ambazo hazitazamiwi kupeleka barua moja kwa moja kwenye seva za watu. Barua ya nyumbani yapasa ipite kwanza kwenye seva ya kampuni, kama vile sisi tupelekavyo barua posta, wala hatuendi wenyewe kuipenyeza chini ya mlango wa mtu wa Ulaya.

Asiye na hatia

Hapa, ndugu zangu, ndipo somo linapokuwa zito.

Anwani za namna ya zamani kwa jumla ni kama bilioni 4.3, na watu duniani wamepita bilioni 8. Hazitoshi. Zipo anwani mpya zilizo ndefu zaidi, lakini bado makampuni mengi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fikirini basi la abiria litokalo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, likipita Tegeta, Bunju na Mapinga. Ndani yumo mwizi mmoja, na watu wema hamsini. Askari wa kizuizini hazijui sura za abiria. Anajua namba ya basi tu. Akiandika namba ile katika daftari lake, kesho basi zima litasimamishwa, pamoja na mama anayepeleka samaki sokoni.

Tuseme iko nyumba ndogo ya wageni Bagamoyo. Mgeni wa Ujerumani ameandika kuuliza bei ya vyumba vitatu kwa siku kumi. Mwenye nyumba, bibi mwenye bidii, amejibu siku ile ile. Lakini anatuma barua kwa seva ndogo iliyokodiwa na maduka kadhaa kwa pamoja, na kompyuta ya duka moja imeingiwa na virusi. Anwani ya seva imeandikwa katika orodha nyeusi. Jibu la bibi limekataliwa. Mgeni amengoja siku tatu, akaona amedharauliwa, akaenda kwingine. Bibi amepoteza fedha za siku kumi, na mpishi, na mfuaji nguo, na kijana wa mashua wamepoteza pamoja naye. Wala hakuna aliyemkusudia ubaya.

Je, basi orodha hizi zivunjwe? Hapana. Bila mlinzi, mfuko wa bibi yule ungejaa takataka hata barua ya mgeni isingeonekana. Lakini yafaa tujue namna ya kujitetea, na wenye seva wajue namna ya kuhukumu.

Kusoma jibu la kukataliwa

Heri moja iko. Seva njema ikikataa barua hutoa sababu, na sababu hiyo humrudia aliyetuma. Wengi wakiona jibu hilo huogopa, kwa kuwa ni refu na kwa kawaida limeandikwa kwa Kiingereza, wakalifuta. Msilifute! Hata asiyejua Kiingereza aweza kutafuta vitu vitatu.

Kwanza, tafuta namba yenye tarakimu tatu. Ikianza na 4, kama 421 au 450, maana yake ni “sasa haiwezekani, jaribu baadaye”, na seva yako itajaribu tena yenyewe. Ikianza na 5, kama 550 au 554, maana yake ni “imekataliwa kabisa”.

Pili, tafuta namba nne zenye nukta katikati. Hiyo mara nyingi ndiyo anwani ya IP iliyokataliwa.

Tatu, tafuta jina la orodha, mathalani Spamhaus. Hapo umejua ni nani aliyeiandika anwani yako.

Ukiisha kujua hayo, fuata njia hii kwa taratibu yake. Usirudie kutuma barua ile mara ishirini, maana utaonekana mbaya zaidi. Mpelekee fundi au kampuni yako jibu lile lote, bila kulikata. Fundi atafute kompyuta iliyo mgonjwa, aisafishe, na maneno ya siri yabadilishwe. Atazame pia kama seva inawaruhusu watu wa nje kupitisha barua zao humo, maana seva iliyo wazi hivyo ni kama ghala lisilo na kufuli. Baada ya hayo, na si kabla, ndipo aombe anwani ifutwe katika orodha. Ukiomba kufutwa na ugonjwa ungalipo, utaandikwa tena kesho. Na akitokea mtu wa kukudai fedha ili akufute, jihadhari. Spamhaus haitozi fedha kwa kufuta jina.

Neno kwa wenye seva

Huenda miongoni mwenu, au miongoni mwa watoto wenu, yumo anayetunza seva ya shule au ya ofisi. Nina maneno manne kwake.

La kwanza: chagua orodha chache zenye sifa njema, wala usikusanye kumi. Kila orodha ni hakimu, na mahakimu wengi wasiojulikana huleta hukumu nyingi za kuonea.

La pili: si lazima neno la orodha liwe hukumu ya mwisho. Seva nyingi zaweza kulipima kama ushahidi mmoja, likatiwa katika mizani pamoja na ushahidi mwingine.

La tatu: weka orodha ya pili, ya watu unaowajua na kuwaamini, ambao barua zao zisizuiliwe. Hospitali ya wilaya isikataliwe kwa sababu ya namba tu.

La nne: chunguza kama orodha unayoitumia ingali hai. Iko habari ya ORDB, orodha iliyotunzwa Denmark. Ilifungwa Desemba 2006, lakini wenye seva wengine hawakuacha kuiuliza. Machi 2008 ikaanza kujibu “imo” kwa kila anwani iliyoulizwa. Seva zile zikakataa barua za watu wote, wema na wabaya, mpaka wenyewe walipozinduka.

Mlinzi naye hupigwa

Msidhani kwamba kazi hii ni ya amani. Machi 2013 Spamhaus ilishambuliwa kwa mafuriko makubwa ya takwimu za kompyuta, yaliyokusudiwa kuizamisha, baada ya kuiandika katika orodha yake kampuni moja ya Uholanzi. Ilitikisika, lakini haikufa.

Na hapa Afrika, mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba anwani nyingi zilizokuwa chini ya AFRINIC zilichukuliwa kwa hila. Uchunguzi wa shirika lenyewe ulionyesha kwamba zilipita milioni 4. Nyingine ziliangukia mikononi mwa watuma barua taka. Anwani safi isiyo na sifa mbaya ni mali kwa mwizi, kama vile shati la askari lilivyo mali kwa jambazi.

Kwa sababu hiyo orodha peke yake haitoshi. Mtu mbaya aweza kuhamia anwani nyingine, au kujificha ndani ya seva ya kampuni kubwa ambayo hakuna awezaye kuizuia yote. Sheria nayo ina kazi yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 20, inakataza kutuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa. Na wewe mwenyewe una kazi yako: usifungue kila kinachofika, wala usimpe mtu neno lako la siri. Jirani akiugua, mwambie, maana ugonjwa wa kompyuta yake waweza kukufungia mlango wewe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini barua taka ni nyingi kuliko matangazo yanayokuja kwa posta?

2. Kwa nini mlinzi hutazama anwani ya IP, wala hategemei jina la mwandishi?

3. Igeuzeni anwani hii kama seva inavyofanya: 192.0.2.140. Je, mmepata 140.2.0.192?

4. Someni jibu hili: “550. Imekataliwa. 192.0.2.25 imo katika orodha nyeusi.” Je, barua itajaribiwa tena yenyewe? Ni anwani gani iliyokataliwa? Ni neno gani lililokosekana hapa ambalo fundi atalihitaji?

5. Gawanyikeni makundi mawili. Kundi la kwanza limtetee yule bibi mwenye nyumba ya wageni. Kundi la pili litetee seva iliyomkataa. Kisha mkubaliane: kila upande ulipaswa kufanya nini?

Ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Juma lijalo tutajifunza namna ya kuchagua neno la siri lililo gumu kuotewa. Njooni na daftari na penseli. Kwa herini.